Takwimu za opensosi Uganda, tuziamini kiasi gani?

kodi_ntinda:

Habari zenu ndugu zangu, naomba wanaojua haya mambo wanijibu kwa kina maana hii kitu inanisumbua kweli.

Niko na shirika dogo hapa Kampala, tunafundisha vijana kuandika kodi (code, yale maandishi yanayounda programu za kompyuta) na kuchangia miradi ya programu huria, yaani opensosi. Sasa mfadhili wetu ameandika anataka ripoti ya mwaka iwe na takwimu za shughuli za opensosi, yaani madevelopa wa Uganda ni wangapi, komiti ngapi kwa mwezi (komiti ni badiliko moja lililohifadhiwa kwenye kodi), repo zetu (hifadhi za miradi) zina nyota ngapi, na grafu ionyeshe zinapanda. Na amesema wazi kabisa kwamba pesa za mwaka ujao zitategemea hizo namba.

Basi nikaanza kutafuta. Nikasachi GitHub, ile tovuti watu wanakohifadhi miradi ya kodi, watu walioandika Uganda kwenye profaili nikapata namba moja. Nikafungua ile Innovation Graph ya GitHub, ile waliyoanza kuitoa 2023 yenye data za kila robo mwaka kuanzia 2020, nikapata namba nyingine ambayo haifanani kabisa na ile ya kwanza. Nikasema ngoja niangalie vijana wetu wenyewe ninaowajua kwa sura, na hapo ndo nikachoka. Kuna dada mmoja yuko Gulu, mwaka mzima anazunguka na watu wa afya kuwawekea mfumo na kuwafundisha, anatafsiri, anaripoti makosa, kila mtu hapa anajua kazi yake, ukifungua grafu yake ya GitHub, ile inayoweka kiboksi cha kijani kila siku uliyochangia, ni nyeupe tu, viboksi vya kijani unavitafuta kwa tochi. Halafu kuna kijana mwingine, yeye kijani mwanzo mwisho, kila siku ya Mungu, nikafungua repo yenyewe nikakuta ni skripti inabadilisha tarehe ndani ya faili moja, ikishabadilisha inakomiti, basi.

Sasa nikipeleka hizo namba vile zilivyo, huyo kijana ndiye nyota wetu na dada wa Gulu hayupo. Siwezi kufanya hivo roho ikatulia.

Maswali yangu: hizi takwimu zinapima nini hasa? Kuna yoyote ya kuaminika? Na nikimwandikia mfadhili nimwambie nini kisichokuwa uongo?

fundi_wa_jinja:

Ssebo pole na kazi. Mi nianze na hapo kwenye nchi maana ndipo watu wengi wanapotea.

Ile sehemu ya profaili ya kuandika unakoishi ni maandishi matupu, hakuna anayekagua. Mmoja anaandika Kampala, mwingine KLA, mwingine Afrika Mashariki, wengi hawaandiki kitu, na mwingine aliandika Uganda akiwa Makerere saa hizi anafanya kazi Berlin na hajagusa profaili tangu aondoke. Kwa hiyo ukisachi Uganda unapata watu waliopenda kuandika Uganda, hakuna zaidi ya hapo.

Innovation Graph inaenda njia nyingine, wao nchi wanaikisia kwa anwani ya IP, ile namba ya mtandao unaoingilia. Na hapo sisi tuna jambo letu ambalo mtu wa Oslo au Washington hawezi kulifikiria. Kumbuka Julai 2018 ilivyokuja ile kodi ya mitandao ya kijamii, OTT, shilingi 200 kwa siku, nchi nzima ikajifunza VPN (programu inayopitisha intaneti yako kwenye seva ya mahali pengine), mpaka mashangazi kijijini walikuwa nayo kwenye simu. Halafu Januari 2021 wakati wa uchaguzi intaneti ikazimwa kabisa kwa siku kadhaa, iliporudi Facebook ikabaki imefungwa, na VPN ikakaa kwenye simu na laptop za watu kama kitu cha kawaida tu. Sasa developa wa Ntinda anapushi kodi ya programu yake, yaani anaipeleka GitHub, huku VPN imewaka na seva yake iko Uholanzi, kwa IP huyo ni Mholanzi. Wangapi wako hivo? Hakuna anayejua, na hilo ndo tatizo lenyewe, huwezi hata kusahihisha kwa sababu hujui kosa ni kubwa kiasi gani.

Na mtu asiyejua historia yetu akiangalia robo ya kwanza ya 2021 akaona kuna mahali pamelala anaeza kuandika kwamba madevelopa wa Uganda walipunguza bidii. Walizimiwa intaneti!

Kitu kingine, neno developa kwenye ripoti za GitHub lina maana ya akaunti. Walipotangaza Januari 2023 kwamba wamefika developa milioni 100, hizo ni akaunti, na ndani yake kuna mtu aliyefungua siku ya kwanza ya kozi akasahau nywila hajarudi tena. Na Innovation Graph haionyeshi kitu kama hakijafanywa na watu wasiopungua 100 wa nchi hiyo, ni kwa ajili ya faragha, ni sawa kabisa, lakini ujue pale unapokuta patupu kwenye Uganda si lazima iwe sifuri. Inaeza kuwa watu 80 wanaofanya kazi nzuri sana.

Kuna wengine wanajaribu kutumia saa, maana kila komiti ya git (programu inayotunza historia ya kodi, ndiyo GitHub inaitumia) inabeba ukanda wa saa wa kompyuta iliyoiandika. Sisi ni +0300. Lakini Nairobi ni +0300, Dar ni +0300, Addis, Riyadh, Istanbul na Moscow vilevile. Hiyo haikusaidii.

dada_mifumo_ya_afya:

Huyo dada wa Gulu namwelewa kabisa bila kumjua, maana kazi zetu ni moja.

Ngoja nieleze kwa nini grafu yake ni nyeupe. Uganda taarifa za afya za nchi nzima zinaenda kwenye DHIS2 tangu 2012, hiyo ni programu huria inayoandikwa zaidi Chuo Kikuu cha Oslo. Kwenye vituo vya afya kuna UgandaEMR, mfumo wa rekodi za wagonjwa, ambayo imejengwa juu ya OpenMRS, nayo ni huria. Sasa wizara ikibadilisha fomu za HMIS (fomu za taarifa za afya), mtu lazima akae aijenge ile fomu upya ndani ya DHIS2, kipengele kwa kipengele, aweke na kanuni za ukaguzi ili mtu wa kituo asiingize wagonjwa waliokutwa na malaria 60 wakati waliopimwa ni 45. Hiyo kazi inaeza kula wiki, inahitaji akili, ukikosea mahali pamoja wilaya nzima inatoa takwimu mbovu. Na yote inaingia kwenye database. Haiingii git. Hakuna komiti hata moja. Kwa macho ya GitHub wiki hiyo hakuna Mganda aliyefanya kitu kwenye DHIS2, na wakati huohuo mfumo wenyewe unafaa huku kwetu kwa sababu ya hiyo kazi.

Kutafsiri ndo usiseme. Miradi ya Mozilla, wale wenye Firefox, inatafsiriwa kwenye Pontoon, tovuti yao ya kutafsiria, wewe unakaa usiku unasaka neno sahihi la Kiganda, ukimaliza Pontoon yenyewe ndo inapeleka kwenye repo, komiti inatoka kwa jina la Pontoon. Jina lako linaingia chini kwenye ule mstari wa Co-authored-by, na kama imeili uliyotumia Pontoon si ile iliyo kwenye akaunti yako ya GitHub basi huhesabiwi. Na wale waliosoma sentensi kwa sauti kwenye Common Voice ya Luganda, watu wengi sana hao, wametoa sauti zao bure ili kompyuta ijue lugha yetu, hakuna mahali popote kwenye hizo takwimu wanapoonekana kama wachangiaji wa opensosi.

Halafu kuna wauguzi. Muuguzi anaona skrini inakataa kusevu umri wa mtoto wa siku 3, anapiga picha anatuma WhatsApp, developa anarekebisha mistari miwili anakomiti. Nani alichangia? Takwimu zinasema developa peke yake.

Mi sisemi komiti hazina maana. Nasema kazi ya opensosi huku kwetu kwa sehemu kubwa ni kuweka, kufundisha, kutafsiri, kurekebisha fomu, kushika simu saa nne usiku, na kipimo cha komiti kimetengenezwa na watu ambao kazi yao ni kuandika kodi. Ukikitumia peke yake unatangaza kwamba Uganda inatumia tu haichangii. Hilo linaniuma kwa sababu watu wanaliamini na linaenda mpaka kwenye bajeti.

mtu_wa_git_mbale:

Wamesema vizuri walionitangulia. Mi naongeza kwamba hata hizo komiti zenyewe, kwa watu wanaoandika kodi kweli, kuzihesabu si rahisi vile inaonekana.

Fungua repo yenu yoyote kwenye laptop uandike hivi:

`git shortlog -sne --all`

Soma polepole. Nakuhakikishia utakuta mtu mmoja ametokea mara tatu. Mstari wa kwanza jina lake kamili na Gmail. Mstari wa pili jina fupi kwa herufi ndogo na imeili ya kazini. Mstari wa tatu ni root@localhost, hiyo ni siku alipoingia kwenye seva moja kwa moja akarekebisha kitu usiku kwa sababu mfumo ulikuwa umelala. Git haina habari wewe ni nani, inaandika kile ulichoweka kwenye user.email, ungeandika imeili ya Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, ingekubali. Tarehe nayo ni hivohivo, unaipanga utakavyo, ndo maana kuna watu wanachora picha kwenye ile grafu ya kijani.

Dawa ya majina mengi ipo, ni faili inaitwa .mailmap, unaandika imeili hii na hii ni mtu mmoja, ukirudia ile amri idadi ya wachangiaji inashuka. Inaeza kushuka sana, jiandae.

Sasa grafu ya GitHub ina masharti yake ambayo vijana wengi hawayajui. Komiti inahesabiwa ikiwa imeili imeunganishwa na akaunti yako, ikiwa kwenye tawi kuu (mstari mkuu wa kodi ya mradi) au gh-pages (tawi la tovuti ya mradi), na repo isiwe foki, yaani nakala ya mradi wa mwingine. Kijana anafoki mradi anafanya kazi miezi miwili kwenye foki yake, grafu haioni kitu mpaka kazi ikubaliwe kule juu. Na ikikubaliwa kwa njia ya kubana, ile squash, komiti zake 30 zinakuwa 1. Mwingine kwenye mradi usiobana komiti zake 30 zinabaki 30. Kazi ileile, kipimo tofauti mara 30, tofauti imetoka kwenye mazoea ya mtunzaji wa mradi.

Mfano mkubwa ni Linux kernel, kiini cha mfumo wa Linux. Mabadiliko pale yanakuja kwa barua pepe, kilichoko GitHub ni kioo tu, yaani nakala, cha repo halisi. Ukienda kupima afya ya Linux kwa PR za GitHub (PR ni ombi la kuingiza badiliko lako kwenye mradi) utaandika maajabu. Na Linus mwenyewe kazi yake kubwa siku hizi ni kupokea na kuunganisha kazi za wengine, ukihesabu kwa --no-merges, yaani bila komiti za kuunganisha, anakaribia kupotea kwenye orodha ya mradi alioanzisha yeye! Ukitaka kuona takwimu zilizofanywa kwa heshima soma zile LWN, tovuti ya habari za Linux, wanatoa kila kernel mpya ikitoka, wanaonyesha kampuni gani imechangia kiasi gani, na kwenye jedwali hilohilo wanaweka mstari wa wale ambao mwajiri wao hajulikani. Hawaufichi, unauona na ukubwa wake.

data_boss256:

Nasoma naona mnaziponda namba zote, lakini mnajua kitakachotokea mkimwambia mfadhili hakuna namba? Atapeleka pesa Nairobi au Lagos ambako wamempa grafu. Hiyo ndo hali halisi. Mi maoni yangu, kosa likiwa lilelile kila mwaka basi mwelekeo bado unasema kweli. Kama unakosa nusu ya watu mwaka jana na unakosa nusu mwaka huu, ikipanda imepanda. Mpeni mwelekeo muendelee na kazi.

mtu_wa_git_mbale:

@data_boss256 hoja yako ina uzito kaka, na ingekuwa sawa kabisa kama kosa lingetulia mahali pamoja. Halitulii.

Angalia. Mpaka mwisho wa 2018 mtu wa akaunti ya bure GitHub hakuwa na repo za siri, akitaka bure lazima iwe wazi. Januari 2019 wakafungua repo za siri bure kwa kila mtu. Wanafunzi wakaanza kuficha kazi zao za darasani. Ukichora mstari wa repo za wazi za Uganda unaopita hapo, unalinganisha vitu viwili tofauti. Oktoba 2020 tawi kuu la repo mpya likabadilika jina kutoka master kwenda main, skripti ya zamani iliyokuwa inasoma master peke yake ikaanza kuona repo mpya zote ni sifuri, na mwenye skripti anaandika shughuli zimeshuka. Maboti nayo, GitHub walinunua Dependabot 2019 wakaiingiza ndani ya mfumo, sasa kuna repo ambazo komiti nyingi za mwaka ni boti inapandisha matoleo ya maktaba, binadamu wa mwisho aliondoka zamani. Na sasa hivi kuna programu za AI zinazofungua PR zenyewe. Kila kimoja kinasogeza mstari juu au chini bila Mganda hata mmoja kuongezeka wala kupungua.

Kwa hiyo mwelekeo unaeza kuutumia, ila kila unapoona mstari umepinda jiulize kwanza ni kipimo kilichobadilika au ni watu. Na utie boti pembeni kabla ya kuchora chochote.

mwalimu_mbarara:

Mnisamehe nitaandika ndefu, nafundisha haya mambo na naona vijana wanavyoumia nayo.

Ndugu kodi_ntinda, kwenye nyota usimpe mfadhili ahadi hata kidogo. Nyota ni mtu kubofya mara moja. Watafiti wa Carnegie Mellon na wenzao walichambua data za GitHub za kuanzia 2019 mpaka 2024 wakakuta nyota kama milioni 6 zenye dalili za kununuliwa, na repo nyingi zilizopandishwa hivo zilikuwa za kudanganya watu, zina virusi ndani au zinajifanya programu za bure. Yaani mtu akiona nyota nyingi anaamini, na wezi wanajua anaamini, kwa hiyo wananunua. Ukimwambia kijana pesa zitategemea nyota umempeleka sokoni hukohuko.

Na hata bila kununua, tuzo inaharibu. Hacktoberfest ya 2020, ile kampeni ya kila Oktoba ya kuhamasisha watu kuchangia opensosi, waliahidi fulana kwa atakayefungua PR 4. Watunzaji wa miradi wakaamka asubuhi wanakuta mamia ya watu wameongeza neno moja kwenye README (faili la maelezo ya mradi), wamebadilisha nukta, wameweka majina yao. Siku chache tu ndani ya Oktoba waandaaji wakalazimika kubadilisha kanuni, mradi usiojiandikisha wenyewe usihesabiwe. Kwa takwimu huo ulikuwa mwezi wa shughuli kubwa sana za opensosi. Kwa mtunzaji ulikuwa mwezi wa kufagia takataka. Mchumi Mwingereza Charles Goodhart alilisema jambo hili mwaka 1975 akizungumzia pesa na benki, kwamba kipimo ukikifanya ndicho cha kuwasukumia watu kinaacha kupima kile ulichokitaka, na mimi naliona darasani kila muhula. Kijana wa ile skripti ya tarehe simlaumu hata kidogo. Ameambiwa waajiri wanaangalia kijani, akatafuta kijani.

Wanaohesabu daunlodi nao wako palepale. Npm, ghala la paketi za JavaScript, walieleza wenyewe toka 2014 kwamba wanahesabu kila faili la paketi linalotoka kwenye seva, ziwe ni seva za majaribio zinazojenga programu upya kila mtu akipushi, ziwe vioo, ziwe roboti. Mradi mmoja wenye majaribio mengi unaeza kuleta maelfu ya daunlodi bila mtumiaji mpya hata mmoja. Na upande wa pili, sisi huku tunaobana bando tunafanya kinyume, chuo kinadaunlodi mara moja kinaweka kwenye seva ya ndani, darasa zima linachukua hapo. Tunahesabiwa 1. Tangu ile ushuru wa asilimia 12 kwenye data 2021 nani atamwambia kila mwanafunzi adaunlodi ya kwake?

Halafu kuna kosa la kudhani shughuli nyingi ni afya. SQLite, programu ya database, iko ndani ya kila simu ya Android mfukoni mwenu, inaandikwa na watu wachache sana, hawapokei kodi iliyoandikwa na watu wa nje, na hata git hawatumii, wana mfumo wao unaitwa Fossil. Kwa kipimo cha wachangiaji na PR ungesema huu mradi umekufa. Na kinyume chake ni xz, programu ya kubana mafaili. Pale mtu aliyejiita Jia Tan alikuja akachangia kwa subira zaidi ya miaka miwili, komiti nzuri, anajibu watu, mpaka akapewa funguo za mradi. Kila dashibodi ingesema mradi uliokuwa na mtu mmoja aliyechoka sasa umepata nguvu mpya. Machi 2024 Andres Freund, developa wa database ya PostgreSQL, akaona kuingia kwa SSH (njia ya kuingia kwenye seva kwa mbali) kunachelewa kama nusu sekunde akafuatilia, akakuta mlango wa nyuma umefichwa kwenye matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Na kipande kimoja cha kuufungulia hakikuwa hata kwenye git, kilikuwa ndani ya faili la toleo pekee. Hakuna hesabu ya komiti ingekiona. Aliyekiona ni mtu aliyekuwa anaangalia kazi yenyewe.

kodi_ntinda:

Banange, asanteni sana, mmenifungua macho. Nimeendesha ile amri ya shortlog kwenye repo yetu kubwa na kweli wachangiaji waliokuwa kwenye ripoti ya mwaka jana ni wengi kuliko watu halisi, majina mengine ni mtu mmoja na kuna maboti mawili humo. Sasa naandika upya. Lakini bado nahitaji kumpa kitu, data_boss naye ana pointi, siwezi kupeleka kurasa za malalamiko. Mngekuwa nyie mngeweka nini kwenye jedwali?

mtu_wa_git_mbale:

Punguza swali. Usijibu Uganda ina madevelopa wangapi, huna uwezo huo na hata GitHub wenyewe hawana. Jibu kuhusu miradi mnayoifahamu, itaje kwa majina, sema ulichota data tarehe gani na kwa amri gani, ili mtu mwingine akirudia apate kilekile. Hilo peke yake litaifanya ripoti yenu iaminike kuliko nyingi nilizowahi kusoma.

Kisha angalia vipimo vya CHAOSS, huo ni mradi wa Linux Foundation toka 2017, kazi yao ni hiyohiyo ya kupima afya ya opensosi na wameandika ufafanuzi wa kila kipimo. Mi ningechukua viwili. Kimoja ni muda unaopita mtu mpya akifungua PR au akiripoti kosa mpaka binadamu amjibu, boti isihesabiwe. Hicho kinaonyesha kama vijana wenu wanapokelewa. Kingine ni watu wangapi wachache zaidi wanaobeba nusu ya michango. Kama jibu ni 1, mfadhili anatakiwa kujua, kwa sababu huyo mmoja akipata kazi Kigali mradi umesimama.

Komiti weka, ila baada ya .mailmap na bila maboti, na uandike chini ya jedwali kwamba foki na repo za siri hazimo.

dada_mifumo_ya_afya:

Na mimi naomba uongeze ukurasa wa kazi isiyoingia git, nao uwe na ushahidi, usiwe hadithi. Vituo vilivyowekewa mfumo na tarehe, fomu zilizojengwa upya, maneno yaliyotafsiriwa na kupitishwa (Pontoon inakuonyesha kwa kila mtu), makosa yaliyoripotiwa na namba ya ripoti hata kama aliyerekebisha ni mwingine. Muombe yule dada wa Gulu aandike mwenyewe ya kwake, asiandikiwe. Kuna mambo anayafanya kila siku ambayo hata wewe huyajui, na akishaanza kuyaorodhesha utashangaa.

fundi_wa_jinja:

Na ile ya nchi kama mfadhili anaing'ang'ania, mpe Innovation Graph kama ilivyo, robo kwa robo, na sentensi mbili chini yake: nchi imekisiwa kwa IP, na Uganda VPN inatumika sana tangu 2018. Usiijumlishe na namba ya profaili, hizo mbili hazichanganyiki. Robo ya kwanza ya 2021 iwekee alama uandike intaneti ilizimwa.

kodi_ntinda:

Sawa, nimeshika. Nimeanza na .mailmap, imebaki imeili tatu ambazo sijui ni za nani, nitazituma kwenye grupu letu la WhatsApp leo jioni wenyewe wajitaje. Dada wa Gulu nimempigia, amekubali kuandika, na ameniuliza kama simu za usiku nazo zinahesabiwa. Nimemwambia aziweke.